Maiti Anapopumua: Watazamaji wa Mbulu na Hanang Wanamcheka Nani?

Kuna lalamiko linalosikika mara kwa mara kutoka kwa watu waliosoma, hasa walimu, viongozi wa dini na watumishi wa halmashauri, kuhusu vibanda umiza vya Katesh, Endasak, Dongobesh na Haydom. Wanasema watazamaji wa huko hawajui kutazama filamu. Ikionyeshwa filamu ya kutisha, wao hucheka. Mzimu unapochomoka kaburini, kijana aliyekaa mbele anaupigia mluzi. Mganga anapopandisha mashetani, mtu wa nyuma anamwuliza kwa sauti kuu anatoza shilingi ngapi. Maiti aliyelazwa mkekani anapoonekana kifua kikipanda na kushuka, kibanda kizima huangua kicheko hata spika zikamezwa. Mlalamikaji hutikisa kichwa na kuhitimisha kwamba watu hawa hawajastaarabika, au kwamba maadili yamekwisha, kwa kuwa sasa hata kifo kimekuwa mzaha.

Ninakusudia kulipinga lalamiko hili, ingawa si kwa kuwasifu watazamaji bila masharti. Hoja yangu ni kwamba kicheko cha kibandani ni hukumu, na hukumu yaweza kuwa ya haki au ya dhuluma. Kwa hiyo swali la msingi si kwa nini watu wanacheka. Swali ni wanamcheka nani. Katika nchi ambayo bado kuna bibi kizee anayeweza kupoteza maisha kwa sababu ya tuhuma ya uchawi, swali hilo halihusu burudani peke yake.

Tuanze na filamu zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamera za video zilipoanza kupatikana kwa bei ambayo kikundi cha sanaa kingeweza kuimudu, Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitengeneza Nsyuka, na baadaye Shumileta. Jina Nsyuka limetoka katika Kinyakyusa, nalo humtaja mfu anayeendelea kuwasumbua walio hai. Shumileta ni kisa cha jini wa kike anayeingia katika maisha ya binadamu. Hizi ni miongoni mwa filamu zilizofungua njia ya utisho katika tasnia tuliyokuja kuiita Bongo Movie. Zilitengenezwa bila studio kubwa wala fedha za benki, zikauzwa kwa kanda na kusambaa mikoani. Zilizofuata katika mkondo huo zilirithi tabia moja, kwamba utisho na mzaha hukaa chumba kimoja. Penye mzimu hapakosi mlinzi mwoga anayekimbia akiacha kiatu, na penye kaburi hapakosi mganga tapeli anayedai kuku mweupe huku akimtamani kwa chakula cha jioni. Wasomi wa filamu wanayo majina ya kitaalamu kwa mchanganyiko huu. Mimi nitauita kwa lugha nyepesi kichekesho kinachochezea kifo.

Kibandani filamu hizi hukutana na za nje zilizotiwa sauti ya mfasiri. Mkongwe wa kazi hiyo nchini ni Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye alisimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni akiongeza maelezo, methali na mizaha ambayo mtunzi wa awali hakuiota. Kwa sauti ya mfasiri wa aina hiyo, hata filamu iliyotengenezwa Marekani kwa nia ya kutisha tu inaweza kumfikia mtazamaji wa Haydom ikiwa tayari imegeuka kichekesho. Tukumbuke pia kwamba Mbulu na Hanang ni mahali pa lugha nyingi. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatooga ni cha Kinailoti, Kinyaturu ni cha Kibantu, na bonde la Yaeda Chini lina Wahadzabe wenye lugha yao isiyo na ndugu wa karibu. Kiswahili cha mfasiri ndicho kinachowakalisha watu hawa benchi moja.

Sasa turudi kwa mlalamikaji anayesema hawajui kutazama. Kauli yake ina historia, na historia hiyo ilianzia katika ardhi yetu. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa majaribio ya filamu za elimu kwa Waafrika, ulioendeshwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa msaada wa fedha kutoka shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu kuhusu kilimo, afya, kodi na akiba ya posta, kisha wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha kitengo chake cha filamu za makoloni, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika ahitaji picha za polepole, zenye jambo moja, zisizo na mbinu yoyote ya kamera, kwa sababu akili yake haijazoea.

Katika masimulizi ya zama hizo kimo kisa cha kuku, kilichoelezwa na John Wilson na kuenezwa duniani na Marshall McLuhan mwaka 1962. Wanakijiji wa Kiafrika walionyeshwa filamu ya usafi wa mazingira, iliyopigwa taratibu ili waelewe. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Wataalamu walipigwa na butwaa, kwa maana hawakujua kwamba filamu yao ilikuwa na kuku. Walipoirudia picha kwa picha, walimkuta amekatiza pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. Kisa hiki kilitumika miaka mingi kuthibitisha kwamba Mwafrika hawezi kuisoma picha.

Mimi nakisoma kinyume chake. Wanakijiji wale waliona kitu ambacho mtengenezaji, mhariri na mkaguzi hawakukiona. Katika mfululizo wa picha zilizopangwa ili kuwafunza, walikitambua kiumbe pekee ambacho hakikupangwa. Mtazamaji wa Katesh anayeona kifua cha maiti kikipanda ni mjukuu wa yule aliyemwona kuku. Jicho lake halijalala. Anayemwita mjinga kwa sababu hakushtuka pale alipotakiwa kushtuka anarudia hukumu ya Sellers kwa lafudhi ya nyumbani.

Lalamiko jingine ni la kelele, kwamba hadhira inajibizana na runinga. Hapa pia tuangalie tulikotoka. Kwa Wairaqw, sala ya slufay haikamiliki kwa sauti ya mzee peke yake. Yeye hutamka, na waliomzunguka huitikia, na mwitikio wao ni sehemu ya sala. Pwani, fanani wa ngano hawezi kuanza mpaka aseme paukwa na aitikiwe pakawa. Hadhira iliyolelewa katika sanaa ya namna hiyo haiwezi kuambiwa kwamba adabu ya kusikiliza ni kunyamaza. Ukimya wa jumba la sinema ni desturi ya mahali fulani na wakati fulani. Si kipimo cha ustaarabu.

Nikishasema hayo, sikubali kwamba kila kicheko ni chema. Kwa kuwatazama watazamaji hawa, nadhani tunaweza kutofautisha vicheko vitatu.

Cha kwanza ni kicheko cha kasoro: maiti anapumua, damu ina rangi ya juisi, steringi amevaa saa mkono wa kushoto na sekunde ileile inahamia wa kulia. Watengenezaji wetu wengi hukichukulia kama matusi, wakaamini kwamba dawa yake ni fedha nyingi zaidi. Mfano kutoka Japani unatufundisha vingine. Mwaka 2017 mwongozaji Shinichiro Ueda alitoa filamu ya wafu wanaotembea, ijulikanayo kimataifa kwa jina la One Cut of the Dead, kwa gharama ya takriban yeni milioni 3, ambayo kwa tasnia ya huko ni fedha ya kununulia vocha. Dakika 37 za mwanzo ni pigo moja la kamera lisilokatwa, limejaa makosa: waigizaji wanasitasita, kamera inaanguka, mazungumzo hayana kichwa wala miguu. Mtazamaji anacheka kwa dharau. Kisha filamu inarudi nyuma na kuonyesha jinsi kila kosa lilivyotokea, nani alikuwa amelewa, nani alikuwa anaharisha, nani alijitolea kuokoa jahazi. Aliyewacheka watengenezaji hujikuta sasa anacheka pamoja nao na kuwaombea wafanikiwe. Filamu hiyo ilianza katika ukumbi mdogo, na sifa zake zikasambaa kwa midomo ya watazamaji mpaka ikaingiza zaidi ya yeni bilioni 3. Umaskini wa uzalishaji haukuwa adui yake, kwa sababu mtengenezaji alijua kwamba hadhira ina macho, akayaheshimu.

Cha pili ni kicheko cha hofu. Mtu hucheka ili asilie, na hucheka na wenzake ili njia ya kurudi nyumbani usiku isiwe ndefu. Wilaya ya Hanang haihitaji filamu ili ifundishwe hofu. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua kubwa, na tope, mawe na magogo vikaufunika mji wa Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Waliosalia wanaujua mkono unaochomoza ardhini, na hawakuuona kwenye runinga. Ukimwona mtu kama huyo anacheka mbele ya mzimu wa kitambaa cheupe, usimwambie kwamba hakiheshimu kifo. Huenda anatofautisha kifo na kitambaa vizuri kuliko wewe. Huenda pia hiyo ndiyo nafasi pekee anayopata ya kukaa karibu na jambo hilo bila kuulizwa maswali na mtu mwenye fomu.

Kicheko hiki kina mipaka yake, na mtengenezaji atakayeleta kamera Hanang anapaswa kuijua. Kwa Wabarbaig, mzee mwenye heshima hujengewa bung'eda, kaburi la udongo lililoinuliwa kama kichuguu, na shughuli za mazishi yake huweza kuchukua miezi kadhaa. Mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yalipoanzishwa huko Basotu, kwa msaada wa Canada, Wabarbaig walipoteza malisho yao, na miongoni mwa malalamiko yao mazito lilikuwa kwamba makaburi ya wazee wao yalilimwa kwa matrekta. Jamii iliyopitia hayo haitacheka kaburi likichezewa kwa namna yoyote ile. Ikinyamaza ghafla mahali ambapo mwongozaji alitegemea kicheko, ukimya huo nao ni jibu, na mwongozaji mwenye busara ataurekodi.

Cha tatu ndicho kinachonisumbua: kicheko kinachomwangukia mnyonge. Katika filamu zetu nyingi za kutisha, adui ana sura moja tu. Ni mwanamke, ni mzee, ni mjane au hana mtoto, anaishi peke yake, macho yake ni mekundu. Anapoumbuliwa, watu hushangilia. Anapopigwa, watu hucheka. Tunayajua macho hayo mekundu. Katika mikoa ya kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na miongoni mwa ushahidi uliotumika dhidi yao ni wekundu wa macho, ambao kwa sehemu kubwa unatokana na miaka ya kupika kwa kuni na samadi ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Sheria ya Uchawi imekuwapo nchini tangu 1928, na karibu miaka mia ya kuwapo kwake haijaifuta tuhuma hiyo. Sisemi kwamba Mbulu na Hanang ni sawa na huko. Ninasema kwamba flashi haina mpaka wa mkoa, na kijana wa Dongobesh anatazama filamu ileile anayoitazama kijana wa Shinyanga.

Hapa ndipo kichekesho kinachochezea kifo kinapokuwa na kazi ambayo filamu ya kutisha yenye uso mkavu haiwezi kuifanya. Filamu yenye uso mkavu inamthibitisha mchawi: anaruka, anaua, anakiri, anakufa, na jirani aliyemtuhumu anaondoka akiwa na haki. Kichekesho kinaweza kuigeuza meza. Kinaweza kumfanya mganga mnyooshaji kidole awe ndiye wa kuchekwa, mwenye kusahau jina la mtuhumiwa, mwenye kubadilisha utabiri kila anapoongezewa fedha, mwenye kukimbia wa kwanza paka anapodondosha sufuria. Kinaweza kuonyesha kwamba aliyemtaja bibi kizee ndiye anayelitaka shamba lake. Ni kicheko kilekile, katika kibanda kilekile, lakini kimebadili anwani.

Nitajibiwa kwamba jambo zito halifai kufanyiwa mzaha. Jibu langu ni kwamba uzito tumekuwa nao kwa muda mrefu, na haukutusaidia. Nitajibiwa pia, na pingamizi hili lina nguvu zaidi, kwamba mtu anaweza kumcheka mganga usiku na kumpelekea fedha asubuhi. Ni kweli, na nakubali. Filamu haimgeuzi mtu kwa saa moja na nusu. Hata hivyo tuhuma ya uchawi hushamiri pale ambapo hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kusema haiamini. Mtu aliyecheka hadharani, mbele ya majirani zake, amekwisha kukiri kwamba mtuhumu anaweza kuwa mwongo. Umoja wa hofu umeingia ufa. Siku jina la bibi litakapotajwa kijijini, atakayetaka kumtetea atajua kwamba hayuko peke yake, kwa kuwa aliwasikia wengine wakicheka.

Lipo suala la watoto, ambalo wapenzi wa filamu hulikwepa. Mwaka 1968 George Romero alitengeneza Night of the Living Dead kwa fedha kidogo sana kwa viwango vya Marekani, chini ya dola 120,000. Mwanzoni mwa 1969 mhakiki Roger Ebert aliandika kutoka Chicago kuhusu onyesho la mchana lililojaa watoto. Walianza kwa vicheko na makelele ya furaha, kama walivyozoea katika filamu za majitu. Kadiri filamu ilivyoendelea kelele zilikatika, ukumbi ukawa kimya, na wengine wakaanza kulia, kwa sababu hii haikuwa imewaachia mlango wa kutokea. Ebert hakuishambulia filamu. Aliwashambulia watu wazima waliowaacha watoto waingie. Sisi nasi tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, tunayo Bodi ya Filamu, na tuna utaratibu wa kupanga filamu kwa umri. Lakini mwenye kibanda anayepokea kiingilio cha sarafu haoni daraja lolote kwenye flashi, na mtoto wa miaka minane hukaa mbele kabisa kwa sababu ni mfupi.

Basi tufanye nini? Jibu la haraka la kiofisi ni kufunga vibanda. Ninalipinga. Kibanda kikifungwa, filamu itahamia kwenye simu, ambako mtoto ataitazama peke yake chini ya blanketi, bila kijana wa mbele kupiga mluzi na bila mama wa nyuma kusema kwa sauti kwamba huo ni uongo. Tutakuwa tumeiacha hofu na kuondoa jamii iliyokuwa inaijibu.

Kwa watumishi wa halmashauri, hasa maafisa utamaduni na wote wanaohusika na bodi za filamu za wilaya, ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Nendeni mkakae kwenye mabenchi. Kabla ya kuamua filamu gani inaharibu maadili, sikilizeni watu wanacheka wapi na wananyamaza wapi. Kubalianeni na wenye vibanda kuhusu saa za watoto na saa za watu wazima, kisha mlisimamie hilo mlangoni, kwa sababu ndipo sheria inapokutana na mtoto. Filamu yenye mchawi ikimalizika, dakika kumi za mazungumzo kabla ya kuwasha inayofuata zinatosha kumwuliza kila mtu kama yule bibi alitendewa haki.

Kwa wanaharakati wa haki za wazee, semina za hotelini zina nafasi yake, lakini mwenye kumtuhumu bibi hajaalikwa huko. Yuko kibandani. Mtafuteni mfasiri anayependwa, mkae naye, mzungumze kuhusu maneno anayoyaweka juu ya picha ya mwanamke mzee. Sentensi moja ya mzaha kutoka kwake husikika mbali kuliko bango letu la barabarani.

Kwa wanafunzi wangu wenye ndoto ya kutengeneza filamu kwa kamera ya kuazima, hamna haja ya kungoja mfadhili ili maiti wenu aache kupumua. Ipelekeni kazi ikiwa haijakamilika Katesh au Haydom, kaeni nyuma mkiwa na daftari, mwandike dakika ambayo watu walicheka na jina la mhusika waliyemcheka. Mkikuta kwamba vicheko vingi vimemwangukia mwanamke mzee asiye na mtetezi, msiilaumu hadhira. Rudini kwenye muswada, kwa sababu ni ninyi mliomweka pale.